Pilau ya njano: unapokosa viungo ulivyoambiwa

Binti ya kaka yangu anasoma Uppsala, Uswidi. Jumamosi moja alinipigia simu ya video, akaielekeza kamera kwenye sufuria kabla hata hatujajuliana hali.

“Shikamoo Shangazi. Hebu tazama. Nimefuata kila kitu ulichoniambia, lakini pilau imekuwa ya njano.”

“Marahaba mwanangu. Umetia nini?”

“Binzari. Vijiko viwili vya chakula, vilevile kama ulivyosema.”

Hapo nikajua kosa liko wapi, na lilikuwa langu. Mtoto huyu amekulia Morogoro. Kwao, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za bara, ukisema binzari bila kuongeza neno, mtu ananyoosha mkono kwenye kopo la manjano. Mimi niko Unguja, na kwetu bizari ya pilau ni uzile: zile mbegu nyembamba za rangi ya udongo ambazo wengine wanaziita bizari nyembamba na Mombasa wengi wanaziita jira. Tulitaja neno moja, kila mtu na kopo lake kichwani.

Kazi yangu ni kusaga na kuchanganya viungo. Nina duka dogo si mbali na soko la Darajani, na kwa zaidi ya miaka 20 swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: sina hiki, naweza kutia kile? Sina bizari ya pilau, nina garam masala, ule mchanganyiko wa Wahindi. Sina bizari ya mchuzi, nina pilau masala. Mtu anataka jibu la neno moja, ndiyo au hapana, na mteja mwingine akishika pochi mlangoni humjibu hivyohivyo. Leo nataka nijibu kwa kituo.

Nimalize kwanza habari ya majina, maana viungo vingi vinaharibika dukani kabla havijafika jikoni. Unguja ukisema “bizari” peke yake, muuzaji atakupa bizari ya mchuzi, ule unga wa njano uliochanganywa. Ukisema “bizari ya pilau” atakupa uzile. Kenya ukiomba “pilau masala” utapewa kopo la unga uliokwisha kuchanganywa, si kiungo kimoja. Giligilani ni mbegu, na majani yake sisi tunayaita kotmiri, lakini Kenya vyote viwili unaweza kusikia vikiitwa dania. Kwa hiyo anayekupa mapishi kwa simu, mwambie akueleze kitu chenyewe kilivyo: mbegu au unga, rangi gani, umbo gani. Usiridhike na jina.

Binti yangu alikuja kulijua hilo mara ya pili, wiki iliyofuata. Nilimwandikia kwa herufi kubwa kwamba anunue cumin. Akaenda dukani, akakuta chupa imeandikwa “kummin”, mbegu nyembamba, zimepinda kidogo, rangi ya udongo. Nani angesita? Akapika. Akaniambia pilau inanukia mkate mweusi wa huko. Kwa Kiswidi, kummin ni kisibiti, mbegu nyingine kabisa japo ukoo wake na uzile ni mmoja. Uzile wenyewe wanauita spiskummin. Ujerumani mtego ni huohuo: Kümmel ni kisibiti, Kreuzkümmel ndiyo uzile. Kama uko nchi hizo, bonyeza mbegu kwa kucha kabla hujaipika. Uzile una harufu nzito, ya moshi na udongo mkavu, na ukiishika tu unakumbuka shughuli. Kisibiti kinaelekea kwenye harufu ya shamari na kina ubaridi fulani.

Mara ya tatu akanitumia picha ya pakiti ya garam masala aliyoipata kwenye duka la Wahindi. “Hii je, Shangazi? Nipime vijiko vingapi?”

Swali lake ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwenye maulidi yupo anayesoma na wapo wanaoitikia. Mchanganyiko wa viungo uko vivyo hivyo. Katika viungo vya pilau msomaji ni uzile. Pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu wanaitikia. Hata ukipunguza iliki, hata ukisahau karafuu, mtu akipita dirishani atajua humu ndani kunapikwa pilau. Ukiondoa uzile, hatajua.

Garam masala haina msomaji mmoja wa namna hiyo. Neno garam kwa Kihindi na Kiurdu ni moto, lakini si moto wa pilipili unaochoma ulimi. Ni ule wa kuupa mwili joto, kwa fikra za tiba za kale za huko. Ndiyo maana iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na kungumanga vina nafasi kubwa ndani yake, na uzile unakaa nao kama mmoja wao. Pakiti nyingi za madukani zina giligilani nyingi pia, kwa sababu inajaza na bei yake ni ndogo. Kila nyumba ya India na Pakistan ina mizani yake, kwa hiyo soma orodha iliyo nyuma ya pakiti: kinachotajwa kwanza kwa kawaida ndicho kingi.

Sasa hesabu. Garam masala ninayoichanganya mimi, kwa vijiko vya chai vya unga, ni giligilani 4, uzile 2, pilipili manga 2, iliki 2, mdalasini 2, karafuu 1 na kungumanga nusu. Jumla vijiko 13 na nusu. Pilau ya nusu kilo ya mchele mimi naitilia uzile kijiko kimoja cha chakula, yaani vijiko 3 vya chai. Ukitaka kupata uzile wote huo kutoka kwenye garam masala peke yake, itabidi utie vijiko 20 vya chai vya mchanganyiko. Ndani yake kutakuwa na kijiko kimoja na nusu cha unga wa karafuu, sawa na punje kama 30, kwenye chungu ambacho kwa kawaida kinapata punje 5. Na vijiko 6 vya giligilani ambavyo pilau haikuviomba.

Karafuu 30 si jambo la “viungo vimezidi kidogo”. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujeno, dawa ileile inayotia ganzi jino likiuma. Chakula kilichozidi karafuu kinaufisha ulimi ganzi kweli, na ulimi uliokufa ganzi hauonji nyama wala mchele wala chumvi. Nimeona pilau ya namna hiyo kwenye hitima moja: watu walikula kimya, wakanywa maji mengi, na sinia zikarudi jikoni na minofu yake. Aliyepika alikosa uzile siku ile, akaona atie garam masala, akaonja, akaona bado haijanukia pilau, akaongeza. Akaonja tena, akaongeza tena. Alikuwa anautafuta uzile, na kila alipoutafuta alikuwa akimwaga karafuu.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mchanganyiko ukiwa na upungufu wa kiungo kimoja, hauuponyi kwa kuongeza mchanganyiko mzima. Unatia kile kilichopungua, peke yake, na mchanganyiko unaupunguza mpaka kile kilichozidi kiwe kimya.

Kwa hiyo mtu mwenye garam masala anayetaka pilau, namwambia atafute uzile mzima tu, maana ukikosa hivi vingine vyote garam masala inavyo. Kwa nusu kilo ya mchele: uzile mzima kijiko kimoja cha chakula, garam masala kijiko kimoja cha chai, na pilipili manga ya kutwanga nusu kijiko cha chai. Garam masala yako ikiwa hafifu, ongeza hadi kijiko kimoja na nusu, lakini usivuke viwili. Uzile unaingia kwenye mafuta pamoja na vitunguu vinapoanza kugeuka rangi, ili mafuta yake yatoke. Garam masala ni unga, haivumilii mafuta makavu yenye moto. Subiri thomu (kitunguu saumu) na tangawizi ziingie, nyama nayo iingie, sufuria ipate majimaji, ndipo utie. Bakisha chembe ya kunyunyizia juu unapofunika.

Na rangi? Wengi wanakimbilia viungo kwa sababu pilau yao imetoka nyeupe. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Vitunguu vikikaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa iliyoiva, kisha vikapata maji kidogo na kuvurugwa mpaka vikayeyuka, pilau inakuwa ya hudhurungi hata kama viungo vyako ni vichache. Vitunguu vikitolewa vikiwa vya dhahabu, pilau itatoka nyeupe hata umwage duka zima. Inahitaji dakika 15 mpaka 20 za kusimama jikoni na mwiko. Hakuna pakiti inayozifidia.

Ukikosa uzile kabisa, ushauri wangu ni usipike pilau siku hiyo. Pika wali wa viungo kwa iliki, mdalasini na karafuu chache, uite kwa jina lake, utakuwa mtamu. Nimeona watu wakilazimisha, na chakula kikaliwa kwa kulinganishwa na kile ambacho hakikuwapo.

Upande wa pili wa shilingi unawahusu zaidi wasomaji wa Nairobi na Kisumu, wenye kopo la pilau masala na mapishi yanayotaka garam masala. Mara nyingi ni biriani, au kuku wa kukaanga na mchuzi mzito. Hapa kilichozidi ni uzile na kinachopungua ni ule utamu wa iliki na kungumanga. Tia nusu ya kipimo kilichoandikwa, halafu ongeza iliki ya kutwanga na kungumanga ya kukwaruza, na giligilani ya unga kama mapishi ni ya mchuzi. Kwa kuku anayehitaji vijiko 2 vya garam masala, mimi ningetia kijiko 1 cha pilau masala, iliki 4 zilizomenywa na kutwangwa, na kungumanga ya kukwaruza kiasi cha ncha ya kisu. Giligilani kijiko kimoja. Kwenye biriani uwe mwangalifu zaidi. Masala ya biriani yetu ya pwani yanasimama juu ya mtindi, tungule (nyanya), vitunguu vya kukaanga na viungo vitamu, na wali wake unanukia zafarani. Uzile ukizidi humo, mgeni hatasema viungo si sawa. Atasema biriani hii ina harufu ya pilau, na atakuwa amesema kweli.

Bizari ya mchuzi ni ukoo mwingine. Msomaji wake ni manjano akishikana na giligilani, na nyuma yao kuna uwatu, ambao wengi hawajui kuwa umo. Fungua pakiti yoyote ya bizari ya mchuzi: ile harufu ya kwanza inayokupiga, yenye utamu kama wa sukari inayoanza kuungua, kwa sehemu kubwa ni uwatu. Ni mbegu ndogo ngumu za rangi ya haradali iliyofifia. Zikikaangwa kidogo zinanukia vizuri, zikizidishwa moto zinakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala ndimu.

Ndiyo maana bizari ya mchuzi haiwezi kuwa viungo vya pilau kwa hali yoyote. Si suala la rangi tu. Manjano yanapaka kila punje ya mchele, uwatu unaacha uchungu, na giligilani inavuta chungu kizima kwenye mchuzi. Ukibaki nayo peke yake, pika wali wa njano wa tui, mzuri sana na samaki wa kukaanga.

Kwenda upande wa pili, yaani kutia garam masala mahali pa bizari ya mchuzi, jibu langu linategemea kilichomo ndani ya chungu. Nyama ya ng'ombe au mbuzi inakubali. Tia manjano kijiko kimoja cha chai na giligilani kijiko kimoja na nusu mwanzoni, garam masala nusu kijiko mwishoni, dakika 5 kabla ya kuepua, na mchuzi utakuwa mchuzi. Samaki wa tui simkubalii. Mdalasini na karafuu vikikaa na samaki vinamfanya anukie kama ameazima nguo. Kwa samaki acha garam masala ndani ya kopo. Manjano, giligilani, uzile kidogo, pilipili mbichi na ndimu vinatosha, na pengine vinazidi ile bizari ya pakiti uliyoikosa.

Anayetaka kujichanganyia bizari ya mchuzi nyumbani achukue giligilani vijiko 4, uzile 2, manjano 2, pilipili manga 1 na uwatu nusu. Mbegu zikaangwe bila mafuta, moto mdogo, kila aina peke yake kwa sababu haziivi pamoja, uwatu wa mwisho na kwa muda mfupi. Zipoe kabisa kabla ya kusaga. Zikisagwa zingali moto zinatoa mvuke, unga unashikana na kuota ukungu upesi, hasa kwa hewa yetu ya Unguja. Manjano yanaingia baada ya kusaga, hayakaangwi makavu.

Kitu kinachofanya manjano kuwa njano kinaitwa kukumini, na hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Kinataka mafuta. Ukitupia bizari kwenye mchuzi unaochemka, utaona madoa ya unga yakielea na ladha itabaki mbichi, ya vumbi. Ichanganye na maji vijiko viwili iwe uji mzito, uimimine kwenye mafuta juu ya vitunguu, ukoroge mpaka mafuta yajitenge pembeni. Yale maji yanazuia unga usiungue kabla haujaiva. Tui zito nalo lina mafuta yake, ndiyo sababu mchuzi wa nazi unashika rangi kuliko wa tungule tupu. Kukumini hiyohiyo ndiyo inayofanya doa la mchuzi kwenye kanzu ligeuke jekundu likiguswa na sabuni ya kufulia. Usishtuke. Suuza, uianike kanzu juani, jua litalifuta lenyewe. Na anayechemshia maharage kwa magadi kisha akatia bizari, asishangae yakielekea kwenye wekundu. Ni jambo lilelile.

Kuhusu mchuzi mix ya pakiti niseme kwa ufupi: ndani yake kuna chumvi na unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito pamoja na viungo. Ukiitia badala ya bizari, punguza chumvi yako kwanza na utegemee mchuzi kuwa mzito. Ukitia bizari badala yake, mchuzi utabaki mwepesi na hautakuwa na chumvi, na kosa halitakuwa la bizari.

Wenzetu wa Maskati na Dubai wana mtego wao. Bizari na bizar ya Waarabu wa Ghuba ni neno moja, asili yake Kiarabu, lakini chupa si moja. Bizar ya Ghuba huwa na uzile na mdalasini na pilipili manga, mambo ya pilau kabisa, na ghafla unakuta ndani yake kuna manjano na wakati mwingine shamari. Ukiitia kwenye pilau utarudi kwenye njano ya Uppsala. Baharat, mchanganyiko mwingine wa Waarabu, iko karibu zaidi na pilau kwa kuwa pilipili manga imeshika usukani na uzile, mdalasini, karafuu na iliki vipo. Tia kijiko kimoja na nusu cha chai kwa nusu kilo, na uzile mzima ongeza palepale kijiko kimoja kamili cha chakula. Onja kwanza chembe mkononi. Baharat nyingine za Ghuba zimetiwa ndimu kavu iliyosagwa, na ukali wake unatokeza mwishoni, wakati mchele umeshakauka na huna la kufanya. Ukiisikia hiyo ndimu, iache kwa samaki, huko ndiko kwake.

Chai masala sitaikawiza. Tangawizi imetawala, uzile na giligilani hamna. Inaweza kusaidia kidogo mahali pa garam masala kwenye kuku ukiongeza hivyo viwili na ukapunguza tangawizi mbichi. Garam masala kwenye chai, usijaribu. Uzile na maziwa na sukari havikai meza moja.

Jambo ambalo nisingependa mtu alipite ni uzima na unga. Mapishi yetu ya pilau yamepimwa kwa viungo vizima. Iliki nzima na karafuu nzima zinatoa harufu polepole kwa muda wote wa kupika na hubaki zimefunga nusu ya nguvu yake. Mlaji anaziweka pembeni ya sahani. Ukizisaga, zinatoa yote kwa mara moja. Kwa hiyo ukibadilisha vizima kwa unga, anza na nusu ya kipimo. Uzile uko tofauti kidogo kwa sababu ni mwembamba na mafuta ya moto yanaufungua upesi, mimi huushusha kwa robo tu. Na unga mwingi kwenye pilau unaufanya wali uwe na matope kwenye punje, rangi inakuwa nzito lakini haing'ai.

Mdalasini nao unahitaji macho. Ule wa mashamba yetu una ganda jembamba lililojikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi, unauvunja kwa vidole, na harufu yake ni laini. Mwingine unaouzwa sana duniani una ganda moja nene, gumu, ukiugonga mezani unalia kama kijiti. Huo ni mkali zaidi na ndio uliomo kwenye garam masala nyingi za viwandani. Mapishi yakisema “kijiti kimoja” na wewe una ule mnene, tia nusu.

Ukongwe wa kiungo unaweza kukudanganya kuliko jina. Uzile wa unga uliokaa kabatini mwaka mzima karibu na jiko si uzile tena, na ukipima kijiko kile kile nilichokuambia utasema nimekudanganya. Sugua kidogo kati ya viganja: harufu isipopanda mpaka puani bila kuinamisha kichwa, ongeza kipimo au nunua upya. Karafuu zitie kwenye glasi ya maji. Nzima yenye mafuta yake inazama au inasimama wima kichwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa inalala juu ya maji. Karafuu ya unga ya bei ya kutupa nayo itilie shaka, maana makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, husagwa yakachanganywa humo, na harufu yake ina ukali wa mti.

Binti ya kaka yangu alipika kwa mara ya nne Jumapili iliyopita. Safari hii alinunua spiskummin nzima, akanionyesha kwenye kamera kabla hajalipa. Uzile kijiko kimoja, garam masala kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu. Vitunguu alivisimamia dakika 20, nikiwa kwenye simu namzuia asiviwahi. Mkaa wa kupalia juu ya mfuniko hana, kwa hiyo maji yalipokauka tulifunika sufuria kwa karatasi ya alumini, mfuniko juu yake, akaitia kwenye oveni digrii 160 kwa dakika 25. Ilipofunuliwa sikuhitaji kuuliza. Alisimama tu pale na mfuniko mkononi, macho yamemlenga machozi, akaniambia nyumba nzima inanukia kwa bibi.

Halafu akauliza: “Na ile kummin iliyobaki, Shangazi, niitupe?”

Usiitupe. Kata kabichi nyembamba, weka mafuta, kisibiti kijiko kimoja cha chai kipasuke kidogo, kitunguu, kabichi, chumvi, moto mkubwa dakika 6. Kabichi na kisibiti vinapendana, na kabichi Uswidi ni rahisi.